Tofali la Mwenye Nyumba

Wingu lilikuwa limeufunika Mlima Hanang hadi kiunoni, na vumbi la chumvi kutoka ziwani lilikuwa likivuka barabara kama moshi mwembamba. Jioni hiyo Mwanaamina alifunga duka lake la nafaka kabla ya adhana, jambo ambalo si kawaida yake. Akajitanda mtandio wake wa kijani, akashuka hadi kwenye kibanda cha Nurdin, fundi simu, kuchukua kishikwambi alichokuwa amemwagiza.

"Dada Mwanaamina, leo umefunga na jua bado lipo," alisema Nurdin bila kuinua kichwa. "Basi mvua itanyesha Agosti hii."

"Inyeshe. Mchele wangu uko ndani. Kiko wapi?"

Nurdin alivuta droo, akatoa kishikwambi kilichofungwa kwenye kitambaa, akakifuta tena ingawa kilikuwa safi.

"Kimetokea Babati. Mwenyewe kapata kipya."

Alilisema jina la Babati haraka, kama mtu anayevuka dimbwi. Mwanaamina alikuwa amesimama nyuma ya kaunta miaka ishirini, na sauti ya mtu anayesema uongo mdogo aliijua kama anavyojua uzito wa kilo moja mkononi. Lakini alikipokea. Alikigeuza. Kwenye kona kioo kilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na mstari mwembamba wa udongo wa kahawia.

"Gemu la vitofali limo?"

"Limo." Nurdin alikohoa. "Usilifute."

"Nilifute kwa nini, na ndilo nililolifuata?"

"Nasema tu, dada."

Gemu hilo alikuwa analitafuta kwa sababu ya Shamimu, mtoto wa mdogo wake, Raya. Siku matope yaliposhuka kutoka mlimani na kuingia mtaa wa Jorodom, Shamimu alikuwa na miaka minane, na kwa bahati alikuwa amelala kwa mama yake mkubwa. Raya alikuwa nyumbani kwake. Asubuhi nyumba haikuwepo, wala mtaa. Raya hakuonekana siku ile, wala wiki ile, wala hata sasa.

Tangu hapo Shamimu aliacha kuzungumza. Si kwamba alikuwa bubu. Alijibu "ndiyo" na "sitaki," aliamkia wakubwa, alisema "asante." Alikuwa mtoto mwenye adabu. Lakini sentensi nzima, hadithi, swali, kelele za mtoto, vyote vilikauka. Mwaka wa pili ukapita. Kisha shuleni mwalimu wao, Pascal, akaanzisha kikundi cha gemu ambalo watoto hujenga kwa vitofali vya rangi na kuwatengeneza watu wao wenyewe, kuanzia nywele hadi viatu. Siku ya tatu Shamimu alirudi nyumbani akasema, "Mama mkubwa, leo nimemsuka mtu wangu nywele nne, lakini kichwa chake ni cha mraba, zinaning'inia pembeni kama masikio ya mbuzi." Mwanaamina aliingia jikoni akalia juu ya sufuria la maharage.

Ndiyo maana hakumuuliza Nurdin zaidi.

Alipofika nyumbani alipiga hodi, ingawa ufunguo alikuwa nao mkononi. Baba yao aliwafundisha hivyo, yeye na Raya: mtu hupiga hodi hata kwake, hata kama nyumba ni tupu. Na mtu akipiga hodi, anajibiwa. Nyumba isiyojibu hodi, alisema baba yao, ni nyumba ya watu wasio na adabu.

"Hodi."

"Karibu," alijibu Shamimu kutoka ndani.

*

Wiki mbili zilikuwa za raha. Kila siku Shamimu alirudi kutoka shule, akafua soksi, akaketi kwenye mkeka karibu na dirisha. Vidole vilicheza juu ya kioo, na kila kitofali kilipokaa mahali pake kilitoa sauti ndogo.

Tok.

Tok.

Mwanaamina aliipenda sauti hiyo. Akipika, aliisikiliza kama mtu anavyosikiliza kuku wake uani.

Jioni moja mtoto aliita.

"Mama mkubwa. Huyu babu anajenga haraka."

"Babu gani?"

Shamimu alimsogezea kioo. Kulikuwa na mlima wa kijani, na chini yake bonde, na kijito cha buluu. Kando ya kijito kulikuwa na safu ya nyumba. Mwanaamina alizitazama bila kuelewa, kisha akazielewa zote kwa mara moja. Mashine ya kusaga kwenye kona. Genge la nyanya. Mtaro. Nyumba yenye baraza refu, nyumba yenye dirisha moja, nyumba ya mabati mekundu...

Jorodom. Mtaa ule ule, kabla ya matope.

"Umejenga wewe?"

"Mimi nimejenga zizi tu. Na kuku. Hizi nilizikuta."

Ndani ya kila nyumba kulikuwa na watu. Wenye vichwa vya mraba, macho nukta mbili, wamesimama wima wakitazama mlango. Lakini aliyewatengeneza hakuwatengeneza kwa mchezo. Mmoja alikuwa na aproni yenye doa la mafuta. Mmoja mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Mmoja, bibi, alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mwanaamina alimfahamu bibi huyo. Alikwenda kwenye mazishi yake.

Na pale mwisho wa safu, kwenye nyumba iliyokuwa bado inajengwa, alisimama mtu mmoja tu aliyekuwa nje. Mzee. Koti la kijivu, kofia ya sufu, na mkononi kamba yenye kipande cha chuma, timazi ya fundi. Alikuwa ametulia, amewapa mgongo.

"Nilimkuta yuko kazini," alisema Shamimu. "Ningempita bila kumsalimia?"

Kwenye gemu hilo kuna vibao vya mbao ambavyo mtu huweza kuviandika. Shamimu alikuwa amesimamisha kimoja nyuma ya mzee. SHIKAMOO BABU.

Kando yake kulikuwa na kibao kingine.

MARAHABA.

"Na hiki umeandika wewe," alisema Mwanaamina.

"Hapana."

"Shamimu."

"Sikuandika, mama mkubwa. Nilikwenda kuanua nguo. Nikarudi, kipo."

Mwanaamina alimtazama usoni kwa muda mrefu. Mtoto huyu hakuwahi kumdanganya. Lakini mtoto huyu pia alikuwa amekaa miaka miwili bila kusema yaliyomo moyoni, na mtu asiyesema huweza kuwa na mengi. Labda alikuwa amejenga kila kitu mwenyewe, kisha akamzua babu wa kumsingizia. Labda.

Alikichukua kishikwambi kwa upole. "Kesho utakipata."

Hakumpa kesho yake. Alikwenda nacho dukani, akakiacha kikazima chenyewe kwa kukosa chaji, akakifungia ndani ya sanduku la bati chini ya magunia matupu. Ufunguo akautia kwenye pochi yake. Kama ni mtoto anayejenga, alijisemea, basi nyumba ile haitaongezeka hata kitofali kimoja.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, adhana ya magharibi ilipoisha na wateja wakawa wamekwisha, alikuwa anafagia chenga za mchele.

Tok.

Alisimama na ufagio mkononi.

Tok... tok.

Sauti ilitoka chini. Na pamoja nayo ikaja harufu. Si ya mchele, wala ya magunia. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi na mizizi iliyokatika, harufu iliyokaa juu ya mji mzima ile Desemba, wakati watu walipokuwa wakichimba kwa mikono. Mwanaamina aliijua. Ilikaa kwenye nguo zake miezi mitatu.

Alifungua sanduku. Kishikwambi kilikuwa kinawaka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa imefika juu. Kuta nne, dirisha la kulia dogo kuliko la kushoto, mlango wa buluu. Juu ya mlango palikuwa na pengo moja, la kutosha kitofali kimoja tu. Kitofali chenyewe kilikuwa kimewekwa chini, mbele ya kizingiti, peke yake, kama sahani iliyoandaliwa mgeni.

Na kwenye dirisha dogo alisimama mwanamke. Khanga ya zambarau yenye mduara mweupe kifuani. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, kwa sababu tangu utotoni alibeba ndoo kwa mkono huo huo mmoja.

Raya.

*

"Babati sehemu gani?" Mwanaamina alimuuliza Nurdin asubuhi, kabla hata ya salamu.

Nurdin aliweka bisibisi chini. "Dada..."

"Nimekuuliza mtaa."

Alichungulia nje kama kuna mteja. Kisha akasogeza kigoda, akamwonyesha aketi, naye akaketi.

"Ni cha Fausta wa Jorodom. Alikileta nimtolee picha za baba yake. Nilipomaliza nikampigia, akasema, picha nitumie, hicho chenyewe sikitaki. Kauze."

"Na wewe ukanipa mimi, nimpe mtoto wa Raya."

"Nililifuta hilo gemu mara tatu, dada. Wallahi mara tatu. Asubuhi nalikuta." Alifuta paji la uso kwa kitambaa cha kufutia vioo. "Nikasema labda kikienda kwenye nyumba yenye dua kitatulia."

"Ulisema labda."

Nurdin aliokota bisibisi yake.

Mwanaamina alikifunga kwenye khanga, akapanda pikipiki hadi kwa Fausta. Fausta alikuwa mkulima, mwanamke mrefu wa makamo, na alikaa kwenye ukingo ambapo matope yalisimama. Siku ile yalifika hadi kwenye ua wake wa minyaa, yakakoma. Alikuwa anapukuchua mahindi. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto, za mifugo, za vumbi. Kisha Mwanaamina akaifungua khanga.

Fausta aliacha kupukuchua.

"Usikiweke juu ya mahindi yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Weka chini. Hapo."

"Nieleze tu, dada yangu. Nina mtoto mmoja."

Fausta alitazama mlimani. Akaeleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

Baba yake alikuwa Mzee Baltazar, fundi uashi. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeweza kumwachisha: nyumba ikikamilika, aliacha tofali moja juu ya mlango. Hilo alilipandisha mwenye nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Kisha mwenye nyumba akaingia ndani, na fundi akabaki nje, akawa mgeni wa kwanza. Akapiga hodi. Mwenye nyumba akijibu "Karibu," kuanzia neno hilo nyumba ni yake na yeye ni wa nyumba.

"Mgongo ulipomshinda, mjukuu akampa hicho ajifariji," alisema Fausta. "Akazijenga tena nyumba zake zote humo. Tulikuwa tunamcheka. Mzee wa miaka sabini anacheza gemu."

"Kisha matope."

"Kisha matope. Watu wakaanza kusema. Baltazar alijenga kwenye njia ya maji. Baltazar aliambiwa. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini alisikia." Fausta alisugua mikono. "Ndipo akaanza kuwaweka watu ndani. Mmoja mmoja. Alikwenda kwa ndugu zao kuuliza walivaa nini siku hiyo. Alisema nyumba zao zipo, wenyewe ndio hawana njia ya kurudi."

Mwanaamina alikitazama kishikwambi pale chini. Alikumbuka darasa walimowekwa watu waliokosa makazi, na madawati yaliyorundikwa ukutani. Alikumbuka mzee aliyekuja na kuchutama mbele yake, mpole, koti la kijivu. Mdogo wako alivaa nini, mama? Naye akadhani ni mtu wa ofisi anayeandikisha waliopotea. Khanga ya zambarau, akasema. Ina mduara mweupe. Na husimamaje? Bega moja chini, akasema. La kushoto.

Yeye ndiye aliyemtengeneza Raya yule. Alimtengeneza kwa mdomo wake.

"Alifariki Machi ile," Fausta aliendelea. "Siku za mwisho alikuwa na neno moja tu. Kuna nyumba haijatimia. Ile ya mlango wa buluu. Tofali lake lilipandishwa na mikono miwili, ya mama na ya mtoto. Mkono mmoja umo ndani. Mmoja uko nje."

Upepo ulipita kwenye minyaa.

Mwanaamina aliikumbuka siku hiyo pia, kama Raya alivyomsimulia bila kumtaja fundi. Shamimu alikuwa na miaka mitano. Raya alimbeba begani, akamshika mkono, wakalisukuma tofali pamoja, na mtoto akacheka kwa sababu udongo ulimwingia puani. Kisha wote wawili wakajibu kutoka ndani, kwa pamoja: Karibu.

"Nifanye nini?"

"Sijui kama nitakwambia kweli."

"Nambie hivyo hivyo."

"Alikuwepo mtu mmoja, Yoakimu, mkewe alifariki wiki ya kuhamia. Hakutaka tena nyumba. Baba akamwambia, basi chukua tofali lako, ondoka nalo. Usiseme neno. Nikipiga hodi, usijibu. Akaondoka nalo kwapani hadi Haydom kwa ndugu zake. Baba akaifunga kazi, hakumuuliza tena." Fausta alimtazama kwa mara ya kwanza. "Alichukue mtoto mwenyewe. Si wewe. Na msijibu. Hata mkimjua anayepiga."

*

Kishikwambi hakikutiwa chaji. Magharibi ilipoingia, kiliwaka.

Walikuwa wameketi kwenye mkeka, mlango umefungwa kwa komeo. Mwanaamina alikuwa amemweleza mtoto kila kitu, kwa maneno mafupi, kama anavyomweleza njia ya kwenda shule. Hakumficha hata kuhusu dirisha.

"Nikilichukua tofali," aliuliza Shamimu, "mama atabaki peke yake?"

Mwanaamina alimvuta karibu. "Atabaki na majirani."

Mtoto alifikiri. Kisha akagusa kioo.

Mtu wake mdogo, mwenye nywele nne zilizoning'inia, alivuka kijito. Akapita mashine ya kusaga. Akapita genge. Katika kila nyumba vichwa vya mraba viligeuka kidogo kumfuata, au labda ni mwanga wa kioo. Mzee wa koti la kijivu alikuwa kando ya mlango wa buluu, timazi mkononi. Safari hii hakuwapa mgongo.

Alikuwa anawatazama.

Hakuwa na uso mbaya. Hilo ndilo Mwanaamina alilolikumbuka baadaye. Nukta mbili na mstari mmoja, uso wa mzee aliyechoka anayengoja kumaliza kazi akalale.

Dirishani Raya alisogea.

Kibao kiliota chini ya dirisha, herufi moja baada ya nyingine. SHAMIMU UMEKUWA MREFU.

Kidole cha mtoto kilisimama hewani. Midomo yake ilifunguka. Miaka miwili Mwanaamina alikuwa akiomba midomo hiyo ifunguke... Sasa alimwekea kiganja juu yake, taratibu, akahisi pumzi ya moto na machozi. Walikaa hivyo. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imejaa chumbani.

Kisha Shamimu akashusha kidole. Kitofali kilichokuwa kizingitini kikatoweka, kikaonekana mkononi mwa mtu wake. Akageuka. Akatembea. Genge. Mashine. Kijito. Akapanda upande wa pili, hadi mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa nyasi za kijani zilizokatwa mraba, akaendelea kutembea.

Hakuna kilichomfuata.

Hapakusikika tok hata moja. Mwanaamina aliondoa kiganja, akampangusa mtoto machozi kwa upindo wa mtandio wake. Alianza kupumua.

"Hodi."

Haikutoka kwenye kishikwambi. Ilitoka mlangoni. Mlango wao, wenye komeo.

Shamimu alijibana kifuani mwake. Mwanaamina alitikisa kichwa. Usijibu.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamke, imechoka kidogo, kama ya mtu aliyebeba ndoo. Mtoto alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa mkaidi, mtoto huyu. Angeweza kunyamaza mwaka mzima. Mwanaamina alijivunia ukaidi huo, akamkumbatia, akahesabu pumzi. Moja. Mbili. Huko nje kitu kiligusa ubao wa mlango kwa upole.

"Hodi wenyewe."

Raya hakuwahi kusema hodi ya tatu bila "wenyewe." Alisema hivyo akirudi shule na viatu mkononi. Alisema hivyo siku aliyomleta Shamimu akiwa na siku arobaini.

"Karibu," alisema Mwanaamina.

Halikuwa neno alilolichagua. Lilitoka kama linavyotoka dukani, kabla mteja hajamaliza kuvuka kizingiti, kama lilivyotoka maisha yake yote. Alilisikia likiwa limeshapita.

Mlango haukufunguka. Hakuna aliyeingia. Kishikwambi kilizima, na nje mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Shamimu alikuwa amemkodolea macho.

*

Walikizika kishikwambi siku iliyofuata, Jorodom, chini ya mawe makubwa yaliyoshuka na matope. Mwanaamina alisoma dua. Fausta alifanya ishara ya msalaba. Walipokuwa wakipangusa mikono, Fausta aliuliza:

"Hamkujibu?"

"Hatukujibu," alisema Mwanaamina.

Shamimu aliinua uso, akamtazama, akainamisha. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Hakumsahihisha mkubwa mbele ya watu.

Siku zilienda. Shamimu akawa anazungumza, tena sana. Alisimulia mambo ya darasa zima: nani kapigana, nani kaficha viazi mfukoni. Nurdin alipokuja kununua unga alimtania, "Huyu sasa tumtafutie kazi redioni." Mwanaamina alicheka. Usingizi ulimrudia. Mara chache tu, akifunga duka, ilimjia harufu ya udongo, akajiambia ni magunia.

Jioni moja mwishoni mwa Septemba walitoka dukani pamoja. Mwanaamina alibeba mafuta, mtoto alibeba mkate, akisimulia jinsi mwalimu Pascal alivyoteleza mbele ya darasa. Vumbi lilikuwa limetulia. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, na kovu refu la kahawia likionekana ubavuni mwake.

Walifika mlangoni. Mwanaamina alitafuta ufunguo kwenye pochi, na kama kawaida yake, kama alivyofundishwa, akasema:

"Hodi."

"Karibu," alijibu mtu kutoka ndani, sauti ile ile ya mwanamke, imechoka kidogo.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Komeo la nje lilikuwa limefungwa kama alivyolifunga asubuhi. Juu ya fremu ya mlango, ambapo asubuhi ukuta ulikuwa mzima, palikuwa na pengo jeusi la upana wa tofali moja, na kando yake udongo bado ulikuwa umelowa.

Mwanaamina alifungua mdomo.

Mkono mdogo, wenye harufu ya mkate, ulikuwa tayari umemziba.

"Nyamaza, mama mkubwa," alinong'ona Shamimu, akaanza kumvuta kinyumenyume kuelekea barabarani. "Nyamaza kama mimi. Nitakufundisha."